Kiti cha Tatu cha Jeep Nyeupe

Mlioniacha wiki jana nimekaa kizingitini, mwanangu Mamie mgongoni, hamjakosa mengi. Nilikuwa bado nimekaa hapohapo, na zile jeep mbili zilikuwa bado zinaniangalia.

Anayeingia leo nitamweka sawa upesi. Mimi ni Mbombo. Nyumba ya baba mkwe wangu kule Kasulo ilikwenda na mashimo; walichimba wenyewe madini chini ya kitanda mpaka ukuta ukalala. Mume wangu Stany akanyang'anywa teksi. Kisha Mungu akatukumbuka: tata Kankolongo (tata kwetu ni baba), mfanyabiashara anayepitisha bidhaa mpakani Dilolo, akamchukua Stany awe shofere wake, akatupa na chumba nyuma ya nyumba yake kubwa. Mwaka mmoja sasa tunalala mahali pakavu. Na mimi masomo ya jioni yakanipa diploma ya usekretari ambayo bado inanuka wino.

Mnakumbuka patron, huyo Kankolongo, alivyosimama katikati ya zile jeep, mkono mmoja juu ya nyeupe, mwingine juu ya nyeusi?

"Moja inatoka Jumamosi. Mununuzi atakuja, atachukua ile tutamupatia. Stany, we njo umeishi nazo. Niletee rapport, ku maandishi. Ile rapport njo itaamua."

Kwa msomaji wa mbali: "njo" yetu ni "ndiyo" au "ndiye", "ju" ni "kwa sababu", na "fasi" ni mahali. Stany anajua kuandika kilomita na tarehe. Sentensi zinamkimbia. Kwa hiyo ripoti ikaanguka mikononi mwangu, na mimi, jamani, nilifurahi.

Jumatatu saa sita mchana Stany alikuwa anaosha magurudumu. Nilikaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, karatasi gotini, mtoto ananyonya.

"Anza na nyeusi," nilimwambia.

"Nyeusi?" Alisimamisha kitambaa. "Nyeusi ni salon, mama Mamie. Unaingia, unafunga mulango, Kolwezi yote inanyamaza. Kiti kinapuliza baridi mu matako ya patron."

"Hiyo nitaiandikaje?"

"Andika mu mugongo."

Tukacheka mpaka Mamie akaacha ziwa atuangalie.

"Na ubaya wake?"

"Inapiga magoti. Unakumbuka Pasaka? Patron amevaa kostimu, tunatoka mu misa, tunakuta nyeusi imelala pua chini, matako juu. Mufuko wa hewa umetoboka. Batu banapita banasema, ona, hata jeep inasali! Ile kipande tuliingojea wiki saba, inatoka inje ya inchi. Na ile ekrani yake, kila siku inaandika habari mupya mu Kiingereza. Mi siogopi mutu, lakini ile ekrani naiogopa."

"Nyeupe?"

Alipiga bodi ya nyeupe kwa kiganja, polepole, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake.

"Hii inakunywa mazuti kama askari. Inatingisha, inaingiza vumbi. Lakini asubui unazungusha funguo, inawaka. Mara moja. Mvua, jua, matope ya Mutoshi, mara moja. Ikivunjika, kipande kiko hapa mu soko, mi mwenyewe naifunga na mikono yangu."

Niliandika: inakunywa dizeli. Kisha: inawaka mara moja. Nikapiga mstari chini yake.

Kisha akaniletea daftari zake mbili, kaye ya bluu ya jeep nyeusi na kaye ya kijani ya jeep nyeupe.

"Ya kijani soma kurasa za mbele tu," alisema. "Za nyuma uziache."

"Kuna nini?"

"Mambo ya barabara."

"Barabara si ndiyo naandika?"

"Mbombo." Akiniita kwa jina, utani umekwisha. "Uziache."

Mwalimu wetu wa jioni alikuwa anatuambia kila wiki kwamba ripoti ya shahidi mmoja ni umbea uliopigwa chapa. Basi Jumanne nikamfunga Mamie mgongoni, nikaenda kwa tata Polycarpe, karani mstaafu wa migodi, ambaye watu wote wa mtaa wanajua anazo jeep za aina zote mbili.

Nyeusi yake nilikuta kuku wanatagia chini yake.

"Mutoto wangu, niliipenda ile jeep kuliko bibi yangu wa kwanza," alisema, akifukuza jogoo juu ya kioo. "Nilikuwa naingia ndani hata kama siendi popote. Nasikiliza tu."

"Unasikiliza nini, tata?"

"Kunyamaza. Njo siwezi kuiuzisha. Bibi anasema, uzisha. Nasema, ngoja, kipande itafika. Mwaka wa tatu huu."

"Na nyeupe?"

"Nyeupe iko kazini na mutoto wangu, njo inatulisha. Lakini nikipanda mule, mugongo yangu inalia siku mbili. Andika na ile, usiwe na upendeleo."

Niliandika na hiyo. Sikuwa na upendeleo. Siku ile ya Jumanne bado sikuwa nao.

Jumatano asubuhi mama Blandine, mke wa patron, alikuja mwenyewe mpaka mlangoni kwetu. Mwaka mzima alikuwa akiniita nimfuate. Yeye hakuwahi kukanyaga upande wetu. Nilifuta kiti chetu cha pekee kwa kanga ya mtoto.

Hakukaa. Alimwangalia Mamie amelala, akamwangalia muda mrefu.

"Anakula muzuri?"

"Anakula, mama."

"Mbombo, ile rapport. Nyeusi njo inapashwa kubaki."

Niliikunja ile kanga ya mtoto.

"Tena Dady, mudogo wangu, alisoma ile mashini ku Lubumbashi. Nyeusi ikibaki, yeye njo atakuwa shofere. Stany tutamutafutia kazi fasi ingine."

"Na chumba, mama?"

"Dady naye atahitaji fasi ya kulala."

Alisema bila ubaya. Hapo ndipo penye maumivu. Angenitukana ningejua pa kuweka hasira.

Kisha akafunga mlango nyuma yake. Sauti ikashuka.

"Nitakuambia kitu, ju na we ni mama. Mwaka uliopita nilikuwa na mimba ya miezi mine. Tulitoka Mutoshi na nyeupe. Ile mashimo, ile kutingishwa. Tulipofika hapa sikukuwa tena na kitu. Na mbele ya ile, mbili zilitokaka vilevile."

Nilitaka kumshika mkono. Mke wa patron unamshikaje mkono?

"Mu nyeusi barabara hainifikie mu tumbo," alisema. "Unaelewa? Na sasa niko tena. Miezi mitatu. Patron hajui, hakuna anajua. Kila mara nilisemaka mapema, na kila mara ilitokaka. Mara hii sisemi mpaka wa tano."

"Lakini mama, ungemwambia patron tu kwamba nyeusi..."

"Nilimwambia! Anasema, banamuke banapendaka rangi. Anataka maneno ya kwenye karatasi. Basi andika ku karatasi: nyeusi inachunga mwili ya mwanamuke. Sababu usiandike. Uniahidie mambo mawili, utaandika ile, na ile ingine haitatoka mu kinywa yako."

"Naahidi, mama."

Aliinama, akamvuta Mamie soksi iliyokuwa inavuka kidoleni. Akaondoka.

Ndugu wasomaji, mlioniandikia mkisema nina roho nzuri, someni hapa taratibu.

Alhamisi, mtoto amelala, nilipanga alama kama tulivyofundishwa. Starehe, nyeusi. Vipuri, nyeupe. Kimya, nyeusi. Matope, nyeupe. Heshima mbele ya watu, nyeusi, maana nyeusi ikipita hata polisi anarekebisha kofia. Kuwaka asubuhi, nyeupe. Nikajumlisha. Zilikuwa sawasawa, kumi na moja kwa kumi na moja.

Lilibaki sharti la mama Blandine. Sentensi moja tu. Nikiandika, nyeusi inabaki na sisi tunatoka.

Niliinua kalamu. Nikaangalia ukuta wa kile chumba. Kuna mahali Stany alichora mstari kwa mkaa, urefu wa Mamie siku aliposimama mara ya kwanza. Juu yake kuna nafasi nyingi tupu, kwa mistari mingine.

Sikuandika.

Nilijiambia nitaandika mwishoni. Mnajua jinsi mtu anavyojiambia.

Lakini kumi na moja kwa kumi na moja haimpi patron jibu, na patron asiyekuwa na jibu humsikiliza mkewe. Nyeupe ilihitaji sababu moja zaidi. Moja tu, ila iwe nzito. Mkono wangu ukaenda kwenye kaye ya kijani, ukafungua kurasa za nyuma.

Nilidhani nitakuta ajali. Nilikuta mwandiko wa Stany, umenyooka kama wa mtoto wa shule:

"Tarehe 12 mwezi wa tatu. Dilolo mpaka Kasaji. Patron mbele. Mama mukwe ya patron kiti cha tatu, pazia ya kitenge. Kwa masista ya macho. Baridi inafika mpaka nyuma. Hakutapika."

Chini yake safari nyingine tatu, zote namna hiyo. Katika ya mwisho aliongeza: "Amenipa ndizi."

Nilikaribia kupiga kelele kwa furaha.

Maana kwetu Wakasai mkwe mume na mama wa mkewe hawaangaliani usoni. Hawapeani mkono, hawali meza moja, hawakai kiti kimoja. Mama mkwe akitokea njia hii, mwanaume anatafuta njia ile. Sasa mkwe mwenye gari afanye nini mama akiugua macho na masista wanaotibu macho wako Kasaji? Jeep nyeusi ina viti viwili tu, cha mbele na cha nyuma. Mama angekaa shingoni kwa mkwewe, na kile kioo cha juu kingemwonyesha uso wake safari nzima. Jeep nyeupe ina kiti cha tatu kule mwisho. Unaweka pazia la kitenge, mama anapumzika, mkwe anaendesha heshima yake mbele, na hakuna aliyemkosea mwenzake.

Nani mwingine angeliona hilo? Hata wale wanaotengeneza hizo jeep huko kwao hawajui kwamba kiti cha tatu ni cha mama mkwe!

Sikujiuliza kitu. Mama Blandine ana mama, nani hana? Kwamba bibi huyo aliishi Dilolo, basi aliishi Dilolo. Na lile neno la Stany, uziache, nililikunja vizuri nikaliweka pembeni, kama nilivyoliweka la mama Blandine.

Nikaandika ukurasa wa sita, kwa Kifaransa changu kizuri kuliko vyote. Nawapa kwa Kiswahili: "Mwisho, na hili ndilo kubwa. Jeep nyeupe inalinda heshima ya familia. Mama mkwe wa mwenye gari amesafiri katika kiti cha tatu mara nne, Dilolo hadi Kasaji, bila kuonana na mkwewe na bila kutapika."

Jumamosi saa nne patron alituita sebuleni. Yeye kwenye kochi kubwa, mama Blandine kando yake, Stany amesimama karibu na mlango amevua kofia. Mimi nilikuwa na Mamie kiunoni, amevaa gauni la ubatizo, maana niliona ni siku ya maana.

"Miwani yangu imebaki ku depo," alisema patron. "Blandine, soma we."

Mama Blandine alisoma. Anasoma vizuri, kama mtangazaji. Kwenye baridi ya mgongoni patron alicheka, akajigusa mgongo, kisha akajigusa mahali penyewe. Kwenye kuku wa tata Polycarpe alicheka mpaka akakohoa.

"Mwaka wa tatu! Kuku! Na mi nilitaka kuwa sawa Polycarpe?" Alipiga goti. "Imekwisha. Nyeupe inabaki! Stany, muite ule mununuzi, achukue nyeusi yake aende nayo."

Stany aliniangalia. Mume wangu hajui kuficha furaha. Masikio yake husogea. Yalisogea.

Nilihisi kile chumba chetu kinarudi chini ya miguu yangu, ukuta baada ya ukuta.

"Ngoja," alisema mama Blandine. Alikuwa anazigeuza karatasi, anarudi nyuma, anakwenda mbele. Nilijua anatafuta nini. "Kungali ukurasa mumoja."

"Imetosha, Blandine."

"Mutoto wa batu ameandika. Tumalize."

Akasoma. Mwisho, na hili ndilo kubwa. Heshima ya familia. Mama mkwe wa mwenye gari.

Alisimama hapo. Akasoma tena, safari hii bila sauti, midomo tu.

"Mama mukwe ya mwenye gari," alisema. "Mwenye gari ni nani hapa?"

Mamie alisema "tata," akimnyoshea patron kidole. Ndilo neno lake pekee, humwita hivyo kila mwanaume. Lakini siku ile!

"Mama yangu tulimuzikaka Mwene-Ditu," alisema mama Blandine. "Mwaka wa nane sasa. Sasa huyu anasafirishwa na macho yake, anafungiwa pazia ju asionane na mukwe wake, ni mama ya nani?"

Nilimtazama Stany, nikitegemea atashangaa kama mimi. Masikio yake yalikuwa yametulia. Alikuwa anaangalia zulia.

Mume wangu alijua kwamba patron ana mke mwingine kule Dilolo. Alikula na mimi sahani moja mwaka mzima, na alijua.

Patron ndiye aliyepata akili kwanza. Alisimama, akamwelekea Stany.

"Ah! Njo vile? Stany! Unabebaka mama mukwe yako mu jeep yangu? Mi niko natafuta mazuti inaenda wapi, kumbe we uko natembeza bakwe zako?"

Macho yake hayakuwa na hasira. Yalikuwa yanaomba. Nimeona macho hayo kwa mbuzi.

Stany alikunja kofia mikononi. "Ndiyo, patron. Unisamehe. Ni mukwe wangu."

"Mama yake Mbombo?" Mama Blandine aliuliza kwa upole mkubwa. "Ule anauzishaka fufu ku soko ya Manika? Alipita hapa jana kumuona mutoto, na miguu. Aliniuliza Dilolo iko upande gani, ju jirani yake alitaka kwenda."

Sebule ikawa kama ndani ya ile jeep nyeusi.

"Mbombo, we njo umeandika. Mama mukwe ya nani?"

Nikisema ya patron, jioni ile tuko barabarani. Nikisema ni mama yangu, Stany ni mwizi wa jeep kwa maneno yangu, na jioni ile tuko barabarani. Nilitafuta neno la tatu. Diploma yangu haikuwa nalo.

"Na maneno yangu ya Jumatano," aliendelea, "yako ukurasa gani?"

Machozi yakanijia. Hakuhitaji jibu zaidi.

Alisimama, akakunja ripoti yangu mara mbili, akaitia ndani ya kitenge chake kiunoni. Alipopita karibu yangu aliniegemea sikioni, wanaume wasisikie.

"Sikukasirikie. Ulikuwa natafuta fasi ya kulalisha mutoto wako. Na mi nilikuwa natafuta ya wangu."

Afadhali angenipiga kofi.

Kisha kwa sauti: "Rapport imeamua, si njo vile? Nyeupe inabaki. Muzuri. Tutaijaribu. Stany, funguo. Tunaenda Dilolo."

"Blandine, kaa chini," alisema patron.

"Nimekaa miaka kumi na mbili. Mbombo, kuja na mutoto. Utaniongoza, we njo unajua ile jeep na faida zake zote."

Nilimfuata. Mnaniuliza kwa nini nilimfuata. Miguu ilikwenda.

Uani alifungua mlango wa jeep nyeupe, akalaza kiti cha kati kama mtu aliyezoea, akapanda mpaka mwisho kabisa. Lile pazia lilikuwa limekunjwa pale pembeni, kitenge cha ndege wa bluu. Alilishika, akalinusa. Akalivuta.

"Hata mi leo ni mama mukwe," alisema nyuma ya kitambaa. "Musiniangalie."

Nilikaa kiti cha kati, Mamie mapajani. Stany alipanda usukani, akavaa kofia, akaivua tena. Siku zote huniambia akishika usukani hutulia. Hakutulia.

Kuna barabara mbaya na kuna ile ya Dilolo. Nyinyi wa hapa mnaijua. Wengine waulizeni madereva wa malori. Siku nzima ya mashimo kabla ya mchanga, na mchanga kabla ya mashimo mengine. Nami nilikuwa mtu pekee, ukimtoa yeye mwenyewe, kati ya wote waliokuwa uani pale, niliyejua ni nani mwingine alikuwa anasafiri nyuma ya pazia lile.

Patron alitoka mbio, kiatu kimoja. Akasimama mbele ya pua ya jeep, mikono yote miwili juu ya boneti.

"Stany! Ukiwasha hii gari, leo njo mwisho. Usirudi hapa na miguu yako!"

Kutoka nyuma, taratibu: "Stany, usipowasha, chukua bibi yako na bitu byako, mutoke saa hii hii."

Stany aliinua macho kwenye kioo cha juu. Kwenye kioo aliniona mimi, na nyuma yangu ndege wa bluu wa pazia.

"Mama Mamie," alisema. "Nifanye nini?"

Jamani, mwanaume wangu hajawahi kuniuliza hivyo. Alichagua teksi bila kuniuliza, alichagua kunyamaza bila kuniuliza. Leo ananipa usukani, na barabara zote mbili zinaishia shimoni.

Neno moja lingesimamisha kila kitu. Ana mimba, Stany. Zima. Patron angesikia, angeacha boneti, angekuja kumshusha mkewe kwa mikono yake mwenyewe. Lilikuwa tayari ulimini.

Nikafungua kinywa.

Mkono ukapita katikati ya pazia, ukanishika bega. Haukuwa na nguvu. Ulikuwa baridi.

"Uliniahidia mambo mawili, Mbombo," alinong'ona. "Moja ulishavunja."

Nikafunga kinywa.

Kilio kikanipanda toka tumboni, kikanitikisa kichwa, mbele, nyuma. Naapa sikumwambia ndiyo. Naapa sikujua hata kichwa changu kilikuwa kinafanya nini. Lakini Stany alikuwa kwenye kioo, na alichokiona kwenye kioo ni mkewe anaitikia.

Aliweka mkono kwenye funguo.

Mimi niliyeandika kurasa sita za kuitetea jeep ile, nilifumba macho nikaiombea mabaya. Nilimwomba Mungu aipige magoti kama ile nyeusi siku ya Pasaka. Ife betri. Ikatike waya. Leo tu, Bwana, leo tu iwe gari bovu.

Stany alizungusha funguo.

Iliwaka. Mara moja, kama nilivyoandika.